Pugu, Shule Iliyotoka Mikononi Mwetu

Tafakari ya Jumapili ya 28 ya Mwaka B
Masomo: Hekima 7:7-11, Zaburi 90, Waebrania 4:12-13, Marko 10:17-30



Habari ya mtu tajiri aliyemkimbilia Yesu njiani imo katika Injili ya Mathayo, ya Marko na ya Luka, lakini Marko peke yake ametuhifadhia jambo moja: kwamba Yesu alimkazia macho yule mtu, akampenda. Alimpenda kwanza, kisha ndipo akamwambia habari ya kuuza alivyo navyo na kuwapa maskini. Agizo lile zito lilitoka katika pendo, na mwenyewe hakulitambua. Alikunja uso, akaenda zake na huzuni, kwa kuwa alikuwa na mali nyingi.

Kwa kawaida kila mmoja wetu huisoma Injili hii akiwaza mfuko wake. Ni vema. Lakini Jumapili hii inaangukia wiki ya tarehe 14 Oktoba, siku ambayo nchi inamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki mwaka 1999, na kwa sababu hiyo ninawaomba tuisome safari hii tukiwaza mali yetu sote kwa pamoja. Kanisa nalo lina vitu vingi: viwanja, zahanati, hospitali, shule. Na ulifika wakati katika nchi hii Kanisa lilipoombwa litoe, na aliyeomba alikuwa Mkatoliki aliyewahi kufundisha katika mojawapo ya shule hizo hizo. Shule hiyo iko hapa jirani, juu ya vilima vya Pugu.

Waamini wengi wa Dar es Salaam wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, au kwa Kituo cha Hija tunakopanda kusali. Wanaopanda kwenye hija wanajua pia kwamba ardhi ile ina damu. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika mwaka 1888 kutoka Ujerumani, wakaanzisha hapo misheni yao ya kwanza katika nchi hizi. Mwaka huo huo kampuni ya Wajerumani ilitwaa forodha za miji ya pwani, ikaleta dharau na mabavu, na watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani wakanyanyuka. Tarehe 13 Januari 1889 vita vilifika Pugu. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye wakakombolewa, na misheni ikachomwa moto.

Tukiisimulia habari hiyo tusiinyooshe kupita kiasi. Watu wa pwani walikuwa na kisa cha haki dhidi ya kampuni iliyowanyang'anya, na wamisionari wale, waliokuja kwa nia ya Injili, walikuwa wa taifa moja na wanyang'anyi. Mtu aliyekuwa Pugu siku ile, mwenye mkuki au mwenye rozari, asingekuwa na nafasi ya kuwatenganisha. Ninaamini kabisa kwamba Mungu aliipokea sadaka ya wale watatu. Ninaamini pia kwamba hatuna ruhusa ya kuitumia sadaka yao kuwatia doa majirani zetu Waislamu, kama nilivyowahi kusikia ikitumiwa.

Wabenediktini walijikusanya upya Dar es Salaam, kisha wakaelekea kusini, wakajenga Peramiho na Ndanda. Vita Kuu ya kwanza ikawaondoa Wajerumani, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi kushika kazi ya Dar es Salaam. Wana wa Mtakatifu Fransisko ndio waliokuwa na Jimbo hili wakati Pugu ilipokuwa na sekondari ya wavulana yenye jina la msimamizi wao: St. Francis' College.

Ili kuelewa uzito wa jina hilo, vijana wanisikilize hapa. Leo kila kata ina sekondari yake, au inaijenga. Katika Tanganyika ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, sekondari za Waafrika zilizofika juu zilikuwa za kuhesabika, na kijana aliyepata nafasi Pugu alikuwa amepita kwenye chujio jembamba mno. Walitoka mbali. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wetu wa awamu ya tatu, alizaliwa Lupaso huko Masasi, akapitia Ndanda na Kigonsera kabla ya kufika Pugu, na kutoka Pugu akaenda Makerere. Fikirini kijana wa Kimakua analala bweni moja na Mhaya, Mchaga na Mngoni, wote wanakula sahani moja ya maharage, wote wanasali kwa Kilatini na kusomea mtihani kwa Kiingereza, na wakitoka nje wanapigana utani kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee ambayo hakuna aliyeichukua kuwa ya kabila lake. Nchi ilikuwa haijapata jina la uhuru bado, ila bwenini watoto walikuwa wameanza kuzoea kuishi kama taifa moja. Shule za serikali, Tabora hasa, zilifanya hivyo pia. Lakini sisi tunayo haki ya kumshukuru Mungu kwa sehemu yetu.

Mwanzoni mwa mwaka 1953 akaja kufundisha historia kijana wa miaka thelathini na kitu kidogo, aliyetoka masomoni Edinburgh, aliyekwisha kufundisha St. Mary's ya Tabora kabla ya kwenda Uingereza. Kijana huyo, Julius Nyerere, alikuwa ametoka kumwoa Maria Gabriel, Januari ile ile. Alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, na imani yake ilikuwa ya mtu aliyeichagua mwenyewe. Siku za kazi alikuwa darasani. Mwisho wa wiki alishuka mjini, mara nyingi kwa miguu, kilomita ishirini na zaidi, akakaa na watu wa TAA (Tanganyika African Association) waliokuwa wanatafuta namna ya kuiamsha nchi. Aprili 1953 wakamchagua kuwa rais wa chama hicho. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Machi 1955 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiitetea Tanganyika.

Aliporudi, mambo mawili hayakuweza tena kukaa pamoja. Serikali ya kikoloni haikutaka mwalimu wa shule inayopata ruzuku yake azunguke akihutubia mikutano ya siasa, na shule ikamtaka achague. Hakufukuzwa. Padre Lynch, mkuu wa shule, hakuwa adui yake. Lakini aliwekwa mahali ambapo mtu anapaswa kuachia kimoja, na akaachia mshahara, nyumba na darasa, akiwa na mke na mtoto mchanga. Maisha yake yote aliendelea kusema kwamba ualimu aliuchagua na siasa zilimjia bila kutarajia.

Hapa ndipo ninapowaomba mrudi kwenye Injili, mwishoni kabisa. Petro anamwambia Yesu: sisi tumeacha vyote. Na Yesu anamjibu kwamba hakuna aliyeacha nyumba, ndugu, mama au mashamba kwa ajili yake na kwa ajili ya Injili asiyepata mara mia katika wakati huu huu wa sasa: nyumba, ndugu, mama, mashamba. Kisha Marko anaongeza maneno ambayo wengi wetu huyapita haraka tukisoma, kwamba vitu hivyo vitakuja pamoja na mateso.

Tumezoea kuichukulia ahadi hiyo kama baraka ya watawa, au mbaya zaidi, kama ahadi ya wahubiri wanaouza utajiri. Mimi naona imetimia waziwazi katika habari ya mwalimu wa Pugu. Aliyeacha nyumba ya shule alifunguliwa nyumba za watu. Na walikuwa watu gani? Kina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, kina Dossa Aziz, kina Bibi Titi Mohamed, na wazee wa Gerezani na Kariakoo waliomchukua kijana wa Kizanaki, Mkristo, mgeni wa mji, wakamlisha, wakamsafirisha, wakampa kundi la watu lililokuwa lao. Mama na ndugu ambao Yesu aliwaahidi walikuja wamevaa kanzu na baibui. Mimi sijui mahali pengine katika historia ya nchi yetu ambapo aya hiyo ya Marko inasomeka waziwazi kiasi hiki, na nasikitika kwamba hatuihubiri.

Kuna kipande kingine cha miezi ile ambacho ningependa kisisahauliwe. Alipokwenda kwao Butiama bila kazi, mapadre wa Maryknoll walimpa kibarua cha kufundisha Kizanaki na kuwasaidia tafsiri. Kwa hiyo mtu aliyetoka shule ya Kanisa kwa sababu ya siasa aliendelea kula mkate wa Kanisa kwa kazi ya maneno ya imani. Ukiyaweka haya pamoja na ya Kariakoo utaona jinsi Mungu anavyowatumia watu wasioonana wala kuafikiana kumlinda mtu mmoja.

Uhuru ukaja 1961. Azimio la Arusha likaja 1967, na baada yake falsafa ya Elimu ya Kujitegemea. Halafu Bunge likapitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 shule za misheni zikawa chini ya Serikali. Pugu ikiwemo. Seminari hazikuguswa. Shule za msingi, sekondari, vyuo vya ualimu, vingi vilivyojengwa kwa michango ya waamini wa hapa na wa ng'ambo, kwa matofali yaliyochomwa na wakatekumeni, vilihama mkono.

Nawaambia ukweli, jeraha hilo halijapona kwa wote. Ukikaa na wazee wa parokia za zamani, hasa kusini na Kilimanjaro, utasikia: shule ile ilikuwa yetu, ona sasa paa linavuja. Nayaheshimu machungu hayo. Mtu aliyebeba mchanga kichwani kutoka mtoni ana haki ya kuuliza darasa lake limekuwaje. Na ni kweli pia kwamba miaka iliyofuata majengo mengi yalichakaa, vitabu vikapungua, walimu wakachoka.

Lakini ni lazima tuutazame upande wa pili wa ukuta. Pugu iko katika nchi ya Wazaramo, watu ambao kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Mzazi wa Kizaramo wa Kisarawe mwaka 1950 alikuwa akiisikia kengele ya misheni kila siku. Angempeleka mwanawe? Alihofu, na hofu yake haikuwa ya bure, kwamba mtoto angerudi na jina jingine na dini nyingine. Kwa hiyo alimwacha nyumbani na madrasa, na mtoto hakuingia sekondari, na sekondari zikatoa makarani, walimu, madaktari na mawaziri ambao kwa wingi walikuwa Wakristo. Watu wale wale waliomfungulia nyumba zao mwalimu wa Pugu walikuwa na watoto wasioweza kuingia Pugu bila wasiwasi. Nchi isingeweza kukaa salama juu ya tofauti hiyo. Nyerere aliliona jambo hilo, na ninaamini aliliona kama Mkatoliki, si licha ya kuwa Mkatoliki. Alichodai kwa Kanisa lake mwenyewe kilifanana mno na kile alichodaiwa yule tajiri: vitoe, wapewe wasio navyo.

Swali gumu kwetu ni uso wetu ulikuwaje. Tulikunja uso? Baadhi walikunja. Wengine walifanya jambo ambalo sijawahi kuona limeandikwa kwa heshima linayostahili: masista, mabruda na mapadre walibaki madarasani baada ya kutaifishwa, wakapokea barua za ajira za Serikali kama walimu wengine, wakaendelea kusahihisha madaftari usiku. Hawakuwa na shule tena ila walikuwa na wanafunzi. Somo la kwanza la leo, kutoka Hekima, linasema juu ya mtu aliyesali akapewa ufahamu, akauona ni bora kuliko fimbo za enzi na viti vya enzi, na dhahabu yote mbele yake ikawa kama mchanga kidogo. Ninapolisoma ninawafikiria walimu hao, ambao waliona tofauti kati ya elimu na hati ya umiliki wa jengo.

Mwaka 1992 Serikali na Makanisa waliwekeana saini Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii, na tangu hapo shule za Kanisa zimeongezeka tena kwa kasi. Ziko nzuri, zinafaulisha, magari yake ya njano yanapita mtaani alfajiri. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Na hapa ndipo Neno la Mungu, ambalo Barua kwa Waebrania inaliita lenye makali kuliko upanga ukatao kuwili, linapofika kwenye viungo vyetu wenyewe.

Zamani mlango wa shule yetu ulimzuia mtoto wa jirani kwa sababu ya dini. Leo Mwislamu anaingia shule zetu bila shida yoyote, mradi mzazi wake ana ada. Anayezuiwa sasa ni mtoto wa mama anayeuza mihogo nje ya uzio wetu, na mama huyo ni Mkatoliki, amebatizwa katika parokia inayoimiliki shule hiyo, ametoa sadaka ya ujenzi wa shule hiyo kupitia Jumuiya yake. Anachangia tofali la darasa ambalo mwanawe hatakaa ndani yake. Nimeyaona haya katika zaidi ya parokia moja na sitaki kuyasema kwa sauti ya chini. Mtoto huyo anakwenda shule ya kata, ambako Serikali imeondoa ada, na kwa namna ya ajabu shule ya kata inafanya leo kazi ambayo sisi tulijivunia kuifanya jana, ya kumpokea mtoto wa maskini na kumkalisha karibu na mtoto yeyote yule.

Najua hesabu. Mishahara ya walimu ni lazima ilipwe, na shule isiyotoza ada itafungwa kabla ya Pasaka. Sisemi ada iondolewe. Nasema kwamba mwanafunzi wa Kristo anayeendesha shule hawezi kuridhika na jibu la mhasibu peke yake. Yule mtu wa Injili naye angeweza kumweleza Yesu kwa hesabu safi kwa nini haikuwezekana.

Pugu Sekondari ipo hadi leo, shule ya Serikali ya wavulana wa kila dini. Hatuiongozi, lakini bado ni ya kwetu kwa namna ile tu ambayo Injili inaijua: humo wamo watoto wetu. Ndivyo ilivyo kwa mamia ya shule za Serikali katika nchi hii. Ratiba ina kipindi cha dini. Wanafunzi Wakatoliki wanakusanyika katika umoja wao, TYCS, mara nyingi wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyejitokeza. Tulilia kwa kunyang'anywa shule nzima, na kipindi kimoja kwa wiki ambacho tumeachiwa bure hatukifundishi!

Jambo moja zaidi juu ya mwalimu wa historia, kabla sijafika kwenye maombi yangu. Baada ya kuondoka madarakani alikaa akazitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili. Habari ya mtu tajiri imo humo. Vitabu hivyo vilichapwa mwaka 1996, na waliovichapa ni Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, wana wa misheni ile iliyochomwa moto Pugu Januari 1889. Kanisa Katoliki linaendelea na kesi ya kumtangaza mwenye heri, iliyofunguliwa mwaka 2005, na sala ya kuomba hilo wengi mnaijua kwa moyo. Anayeisali asali akijua pia kwamba ni yeye aliyetuchukulia shule.

Sasa maombi yenyewe. Kwa walimu Wakatoliki wastaafu na wale mnaofundisha shule za Serikali: onaneni na paroko wenu wiki hii, semeni ni shule ipi ya mtaa wenu haina mtu wa kipindi cha dini. Makatekista watatoa mwongozo na vitabu. Vijana waliomaliza chuo na wanangojea ajira wanakaribishwa pia.

Kwa wajumbe wa bodi za shule zetu: Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kupanga ada ya mwaka ujao. Kabla hamjafika kwenye tarakimu, mwombeni katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo awasomee majina ya watoto wa darasa la saba katika parokia ambao wazazi wao hawawezi kulipa. Majina yasomwe yote, mezani, mbele ya mhasibu. Mwaka huu mkipata nafasi za watatu, ziwe za watatu, na ziandikwe kwenye bajeti ya shule yenyewe, zisisubiri mfadhili kutoka nje. Na ikiwa mmoja wa watatu hao ni mtoto wa jirani asiye Mkristo, mpokeeni na msimwulize kitu zaidi ya daftari lake.